Nilimvisha Shangazi Hedifoni, Akanyamaza

Kuna sauti moja imegoma kutoka masikioni mwangu. Ni kama mtu anaburuza sufuria tupu juu ya mchanga huku anaongea kwa pua. Sauti hiyo niliwasikilizisha watu, nikawaambia ni ya shangazi yangu. Haikuwa yake. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na nimelibeba mpaka limeanza kunitia kichefuchefu. Ndiyo maana nakuandikia wewe ambaye hunijui.

Jina langu liache. Jua tu kwamba mimi ni binti wa kijiji cha Shishiyu, shule niliishia kidato cha pili, na siku hizi nauza vifaa vya simu kwenye duka moja Bariadi mjini. Chaja, kava, vioo vya kubandika, hedifoni. Mwenye duka namwita Mama Zuhura, kwa jina la binti yake. Siku za mnada duka linajaa, siku nyingine tunapiga soga na vumbi.

Ndoto yangu ni studio, na usinicheke. Nimeshaipangia hadi rangi ya ukuta, njano ya ua la alizeti. Nikifagia duka asubuhi, kichwani tayari nafagia studio. Nakwambia hili ili ujue kosa lilitokea wapi. Halikutoka kwenye roho mbaya. Lilitoka kwenye kujiona.

Dukani ziliingia hedifoni kubwa zisizo na waya, zile za kufunika sikio zima. Boksi limeandikwa maneno mengi kuhusu kodeki. Wakati huo kodeki nilikuwa naijua kwa kuisema tu. Mteja akiuliza tofauti ya hizi na zile ndogo, namjibu, "Kaka, hizi zina kodeki kubwa, utasikia mpaka mwimbaji anavyomeza mate." Watu walicheka, wakanunua. Mimi mwenyewe nilikatwa kidogo kidogo kwenye mshahara mpaka za kwangu zikawa za kwangu. Nilizivaa shingoni hata nikienda kuchota maji.

Sasa nikwambie kuhusu shangazi. Kisukuma tunamwita sengi, dada wa baba. Mama alipofariki nilikuwa sijaota meno ya pili, na yeye ndiye aliyenifulia, akanilisha, akanichapa. Anaongoza kikundi cha jembe pale kijijini, wanawake wanaozungukia mashamba ya wenzao kwa zamu. Wanasimama mstari mmoja, bega kwa bega, na kiongozi anasimama mbele akiwatazama, mkononi ana usinga wa mkia wa ng'ombe. Yeye halimi. Anarudi kinyumenyume huku anaimba, na wimbo wake ndio unaoliambia jembe liinuke lini na lishuke lini. Wimbo ukikaa sawa, majembe yote yanaingia ardhini kwa pigo moja na mtu hachoki. Wimbo ukiyumba, kila mmoja analima kivyake na mgongo unauma kabla ya saa nne.

Sauti ya shangazi ni nzito. Inatoka chini, tumboni, kama mtu anasukuma mlango wa zizi. Haina urembo. Lakini ukiwa mwisho kabisa wa mstari unaisikia kwenye nyayo.

Likatangazwa shindano la vikundi vya jembe, lifanyike Maswa. Mshindi anapewa plau mpya ya ng'ombe. Kila kikundi kitume kwanza wimbo wake uliorekodiwa, kamati isikilize, wachaguliwe wa kwenda kulima uwanjani mbele ya watu. Wanawake wakasema, "Tunaye wa kwetu, si yuko na zile pembe zake za masikioni?" Wakanipigia simu. Nilifurahi mpaka nikampa mteja chenji ikazidi.

Jumamosi nikafika shambani. Nikawasalimia, "Mwangaluka," wakaitikia, na Mama Limi, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akaanza.

"Jamani fundi kaja. Msikohoe, atatuambia tukohoe kwa noti gani."

"Mama Limi, wewe kohoa tu, nitakuweka mwanzo wa wimbo."

"Niweke mwisho, mimi ndiye baraka ya kufungia."

Simu nikaiweka juu ya kichuguu, nikakunja kanga chini yake, nikawasha kile kinasa sauti cha kawaida. Hedifoni zilikuwa shingoni, zimezimwa. Shangazi akaimba. Majembe yakashuka. Nikwambie ukweli, nilisisimka mikono. Rekodi ile ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kurekodi, na ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema mpaka leo.

Sikuishia hapo. Nilitaka kuonekana. Nikavaa hedifoni, nikaziwasha, nikafungua programu ninayotumia kuimbia juu ya midundo, nikauingiza wimbo humo, nikaubonyeza uimbe.

Ndipo nikasikia ile sufuria.

Sauti ilikuwa nyembamba, kavu, kama ya mtu anayepiga simu kutoka kwenye pipa. Mapigo ya majembe yalikuwa kama kijiko kwenye kikombe cha bati. Ule uzito wa tumboni haukuwepo. Nilikunja uso. Nilisikia kinyaa kabisa, kama nimeuma embe nikakuta funza.

"Vipi?" shangazi akauliza. Alikuwa anatabasamu, usinga uko begani.

Ningeweza kusema subiri niangalie. Nilikuwa nimesikia majembe yale kwa masikio yangu mwenyewe dakika chache tu nyuma. Lakini niliziamini hedifoni kuliko masikio niliyozaliwa nayo, kwa sababu hedifoni zilikuwa na boksi lililoandikwa.

Nikasema, mbele ya wote, "Sengi, sauti yako imeisha. Imekuwa bati."

Mama Limi akasema, "Bebe, wewe, chunga mdomo wako."

"Sikilizeni wenyewe basi."

Nikazivua, nikamvisha Mama Limi. Akasikiliza, uso ukabadilika, hakuleta utani. Akampa mwenzake. Zikaenda hivyo kichwa hadi kichwa, na kila aliyevaa aliinamisha macho. Maana ni kweli, walichosikia kilikuwa kibaya. Mashine haikuwadanganya kwamba ni kibaya. Iliwadanganya kwamba ni cha shangazi.

Mwisho zikamfikia yeye. Hajawahi kusikia sauti yake ikitoka nje ya mwili wake. Maisha yake yote aliijua kutokea ndani. Akasimama ameshika zile hedifoni kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chungu cha moto, akasikiliza wimbo wote hadi mwisho.

Akazivua. Akasema polepole, "Kumbe ndivyo mnavyonisikia."

Akanirudishia. Na hapa ndipo penyewe, ndugu yangu, hapa ndipo ninapotaka kujitapikia. Sponji zilikuwa zimelowa jasho, jasho la watu wote wale na la kwake la mwisho. Nikachukua pembe ya kanga yangu, nikazifuta. Nikazifuta vizuri, moja, halafu nyingine, huku yeye ananitazama, huku pua nimeikunja. Mtu aliyenifuta mimi kamasi na mavi.

Nafasi yake tukamweka Kabula. Kabula ni binti wa rika langu, ana sauti nyembamba ya juu, tamu, ya kwaya. Nikamrekodi, nikasikiliza kwenye programu ileile, ikaja safi. Baadaye nilielewa kwa nini. Sauti nyembamba inapita kwenye tundu dogo. Sauti nene inakwama mlangoni, inaingia mkono tu.

Kabula alikuwa hataki. "Sasa mimi naanzaje kumsimamia sengi?" aliniuliza pembeni.

"Ni shindano, Kabula. Tunatafuta plau."

Shangazi alimkabidhi usinga yeye mwenyewe. Halafu akatembea kando ya mstari mzima, kutoka mbele hadi nyuma, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa kwenye mti, akasimama mwisho kabisa. Miaka yote ile hakuwahi kuinama kwenye kikundi, na goti lake la kushoto halikunji vizuri. Siku ile aliinama.

Tuliitwa Maswa. Wimbo wa Kabula ulipita kwa kamati, na mimi niliringa dukani wiki nzima.

Uwanjani kulikuwa na watu mpaka juu ya matrekta. Hakuna spika kwenye shindano la jembe, ni koo na ardhi. Kabula akaanza, na sauti yake ikafika kwa mwanamke wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa wa nne ilikuwa inaning'inia. Wa mwisho walikuwa wanalima kwa kubahatisha. Majembe yakaanza kushuka moja moja, tap, tap, tap, kama mvua isiyojiamini. Mama mmoja karibu amkate mwenzake kidole cha mguu.

Kijana mmoja juu ya trekta akapiga kelele, "Hao wanalima au wanaua nyoka?"

Uwanja mzima ukacheka. Kabula akaendelea kuimba huku machozi yanamtoka. Nilimtazama shangazi kule mwisho. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Angeweza kutoa sauti moja tu kutoka pale alipo na mstari ungenyooka. Hakutoa. Alikuwa anaamini ana bati kooni, na bati hutalitoa mbele ya watu wa Maswa.

Kurudi Shishiyu, wanawake wale huwa wanaimba njia nzima, hata wakishindwa. Safari ile tulisikiliza injini.

Kuanzia hapo shangazi hakuimba tena. Hakuimba shambani, hakuimba kanisani, hakuimba hata akikamua ng'ombe, na ng'ombe wake aliyezoea wimbo akaanza kurusha teke. Kikundi kikawa kinalima kwa kuhesabu moja mbili kama wanajeshi. Wengine wakaacha kuja.

Mimi nikarudi kuuza hedifoni.

Siku ya mnada, duka limejaa, Mama Zuhura akaniambia, "Binti, weka muziki, tumekuwa kama tuko msibani." Hedifoni zangu zilikuwa kwenye chaji, nikachomeka simu kwa waya kwenye spika kubwa ya mlangoni. Nyimbo zikapita tatu nne, mimi nahudumia. Halafu simu yenyewe ikaingia kwenye rekodi zangu.

Jembe likashuka, pigo moja, na vioo vya kabati vikatetemeka. Halafu shangazi akaimba.

Nilikuwa nabandika kioo kwenye simu ya mteja. Kilipinda mikononi mwangu. Sauti ilikuwa nzito, nzima, ya tumboni, ileile ninayoijua tangu mgongoni kwake. Watu waliokuwa wanapita barabarani wakasimama. Mzee mmoja mwenye fimbo ya kuchungia akaingia hadi ndani, akauliza, "Huyo mama ni wa wapi? Huyo ndiye analimisha."

Mama Zuhura akanigeukia. "Mbona unalia? Si wimbo mzuri?"

Nikamgeuzia mgongo, nikatafuta kioo kingine.

Jioni baada ya kufunga nilijaribu kama mtu anayetafuta tundu kwenye ndoo. Wimbo uleule, hedifoni zilezile, lakini kwa kicheza muziki cha kawaida: shangazi mzima, kapungua kidogo tu. Nikafungua programu ya kuimbia: sufuria. Nikaifunga: shangazi. Nikaifungua: sufuria. Nikasoma huku na huku kwenye simu mpaka nikaelewa, na sasa nakueleza kama nilivyoelewa mimi wa kidato cha pili.

Simu ikipeleka sauti kwenye hedifoni bila waya, haiwezi kuipeleka yote ilivyo, ni nyingi mno kwa njia ile. Inaifunga kwanza, kama unavyoshindilia pamba kwenye gunia, halafu hedifoni zinaifungua upande wa pili. Namna ya kufunga na kufungua ndiyo kodeki. Zipo nyingi, nyingine zinafunga kwa uangalifu, nyingine zinatupa vipande. Na lazima simu na hedifoni zote mbili ziijue kodeki hiyohiyo. Boksi langu lilitaja kodeki kubwa, ila simu yangu haikuwa nayo. Kwa hiyo zilikuwa zinashuka hadi ile ya kawaida ambayo karibu kila kifaa kinaijua. Ni kama mimi na bibi yangu. Yeye ana Kisukuma cha ndani sana, mimi nina cha sokoni, basi tunaongea cha sokoni, na mengi anayoyajua hayanifikii. Wateja wangu wote niliowauzia kodeki kubwa bila kuwauliza wana simu gani, mnisamehe na nyie.

Hilo bado ni dogo. Kubwa ni hili. Hedifoni hizi zina maiki, na programu ikishaishika ile maiki, hata kama huimbi, kifaa kinadhani unapiga simu. Kinaacha njia ya muziki, kinahamia njia ya maongezi. Njia ya maongezi ni nyembamba, inatosha kusema "niko stendi, njoo." Inakata sauti za chini na inakata za juu. Programu yangu ya kuimbia ilikuwa imeishika maiki muda wote. Wimbo wa shangazi ndani ya simu haukuwa na doa. Sisi tuliusikiliza kupitia tundu la simu ya kupigia.

Nilifurahi, unajua? Hiyo ndiyo inayonichukiza hata sasa. Nilifurahi kwamba nimepata wa kumsingizia.

Nilikwenda kwa shangazi na spika ndogo na waya. Nilimkuta anachambua choroko kwenye ungo, nikamsalimia.

"Mwadila, sengi."

"Mwadila. Umekonda. Mjini hawali?"

Nikaanza kumweleza, kodeki, maiki, njia ya maongezi, nikimwaga kila kitu kwa haraka. Aliendelea kutoa mawe. Nikamwekea wimbo. Alisikiliza kidogo tu, akanyoosha mkono, akauzima mwenyewe.

"Hiyo naijua," akasema. "Ndiyo niliyokuwa nayo."

"Basi si unaona? Zilikuwa hedifoni, sengi. Hazikuwa sawa."

"Hayo masikio ya plastiki yana mdomo?"

"Hayana."

"Nani alisema bati?"

Nikaanza kukunja waya wa spika.

Akapeta choroko, akapuliza makapi. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Mambo ya sauti yaliisha siku ileile," akasema. "Mtu anazeeka, nikajua ndiyo zamu yangu. Sikukukasirikia. Lakini ulifuta, mwanangu."

Sikuuliza nilifuta nini. Nilijua. Nilitazama pembe ya kanga yangu kama inanuka.

"Rudi kuongoza, sengi. Kabula mwenyewe anataka urudi. Kila mtu anataka."

"Nitaona." Akanisogezea ungo. "Shika huku, macho yako ni mapya."

Tukachambua choroko hadi zikaisha.

Sasa wewe unayesoma. Ukinunua hedifoni zisizo na waya, usilipie maneno ya boksi, angalia kwanza simu yako inajua nini. Ukiona sauti imekonda ghafla, funga kila programu inayoshika maiki kabla hujamlaumu mwimbaji. Ukitaka kuhukumu sauti ya mtu, sikiliza kwa waya, sikiliza kwa spika. Na kama mtu mwenyewe amesimama mbele yako na koo lake, jamani, vua hicho kitu umsikilize yeye. Halafu ukishakosea, usije na kifaa mkononi kama shahidi wako. Mdomo ni wako, pua uliyoikunja ni yako. Mimi pua yangu hadi leo nikiiona kwenye kioo cha duka naona aibu.

Jumamosi iliyofuata nililala kijijini. Kulipokucha nikaenda peke yangu kwenye shamba lililokuwa zamu, kabla wanawake hawajafika. Kabula alikuwa amenipa usinga usiku uliotangulia bila kuniuliza swali. Nikaenda mbele, pale kiongozi anaposimama, nikachoma kijiti ardhini, nikautundika hapo. Kama shangazi atauchukua au ataupita kando, hilo ni lake.

Halafu nikatembea hadi mwisho wa mstari. Jembe lake lilikuwa limeachwa pale tangu jana yake, limeegemezwa kwenye mti, mpini umekuwa mweusi kwa jasho la viganja vyake. Nikalishika, nikasimama mahali pake. Mpini ulikuwa unanata kidogo kwa umande. Sikuufuta.